Mashine ya kufyonza vumbi na maji inapochemka: dhana potofu na ukweli

Mashine ya kufyonza vumbi na maji, ambayo kwa waosha magari, wasafisha makapeti na mafundi wa jipsamu hujulikana zaidi kama vakyumu, huchemka kwa sababu chache zinazoeleweka, na nyingi kati ya hizo haziko ndani ya mota. Hata hivyo, inapozima ghafla huku kichwa chake, yaani sehemu ya juu yenye mota, kikiwa cha moto, uamuzi hutolewa haraka kwamba mota imeungua, na mwenye mashine huipeleka kusukwa, yaani kuzungushiwa nyaya mpya za mota, kabla mtu yeyote hajafungua tangi kutazama chujio. Hasara hiyo inaumiza, hasa kwa mtu ambaye mashine hiyo ndiyo riziki yake, lakini baya zaidi ni kwamba baadhi ya njia za mkato zinazotumika kuirudisha kazini zinaweza kuwasha moto.

Dhana: mashine ikizima yenyewe, mota imekufa

Mashine nyingi za aina hii zina swichi ya joto iliyofungwa kwenye mota au karibu nayo. Ndani yake mna kipande cha metali mbili zilizounganishwa, ambacho joto likipita kiwango hujikunja na kukata umeme, kisha kikipoa hurudi mahali pake. Kwa hiyo kuzima kule mara nyingi ni ushahidi kwamba kinga inafanya kazi. Zima swichi ya mashine, chomoa plagi, uiache ipoe kwa nusu saa hadi saa moja, halafu uijaribu. Ikiwaka, yaelekea koili, yaani nyaya zilizozungushwa ndani ya mota, ziko salama, na kinachobaki ni kutafuta chanzo cha joto. Kuzima swichi si jambo la kupuuza, kwa kuwa mashine iliyoachwa kwenye umeme inaweza kujiwasha baada ya kupoa, wakati mkono wa mtu uko ndani.

Zipo pia mashine zenye fyuzi ya joto, ambayo ikikata haijirudishi na ni lazima ibadilishwe kwa nyingine ya kiwango kilekile. Hapa ndipo kosa kubwa kuliko yote hufanyika, pale kinga hiyo inaporukwa na waya kuunganishwa moja kwa moja. Mashine itawaka, na mteja ataondoka ameridhika, lakini siku chujio litakapoziba tena hakutakuwa na kitu cha kukata umeme kabla insulesheni ya koili haijaungua na plastiki ya kichwa kuanza kuyeyuka. Fundi anayependekeza njia hiyo akataliwe, hata kama bei yake ni nafuu.

Dhana: sauti ikipanda, mota inalemewa na kazi

Ukweli ni kinyume chake. Kazi ya mota ni kuzungusha feni inayosukuma hewa. Mpira, yaani bomba la kufyonzea, ukiziba, hewa haifiki kwenye feni, mzigo unapungua, mota inaongeza kasi na sauti inakuwa nyembamba na kali, huku umeme unaovutwa ukipungua badala ya kuongezeka. Mtu atauliza, na ni swali la haki, kwa nini basi joto lipande ilhali mzigo umepungua. Jibu ni kwamba hewa ndiyo inayobeba joto na kulitoa nje, na hewa ileile inapozungushwa kwenye chumba cha feni bila njia ya kutokea, hupata moto na kuupeleka kwenye shafti, beringi na mota yenyewe.

Katika mashine za vumbi kavu pekee, hewa iliyofyonzwa na kuchujwa ndiyo inayopita juu ya koili kuzipoza. Mashine inayofyonza maji haiwezi kufanya hivyo, kwa kuwa unyevu ungefika kwenye umeme, na kwa sababu hiyo mota yake huwa na feni ndogo ya pili inayovuta hewa ya nje kupitia matundu ya kichwani. Hivyo njia za hewa ni mbili, na zote mbili lazima zikaguliwe. Wengi husafisha mpira na chujio, wakasahau matundu ya juu, ambayo aghalabu yamefunikwa kwa taulo lililowekwa hapo wakati wa kuosha gari, au yamejaa unga wa jipsamu, kwa sababu mara nyingi njia hiyo haina chujio lolote la maana. Kwenye kituo chenye kompresa, kuyapuliza matundu hayo kwa hewa kavu, plagi ikiwa imechomolewa, ni kazi ya dakika chache.

Dhana: tangi lisipojaa, chujio halijaziba

Vumbi la saruji, jipsamu au jivu ni laini mno, na linaweza kuziba mikunjo ya chujio la karatasi wakati tangi lina kiasi kidogo tu. Kwa vumbi la namna hiyo tumia mfuko ndani ya tangi, na ukung'ute chujio mara kwa mara. Jivu lenye moto lisifyonzwe kabisa. Kwa maji, chujio la karatasi huondolewa na kuwekwa sponji, kwani karatasi iliyolowa haipitishi hewa ya kutosha. Chujio linalooshwa liachwe saa 24 likauke lenyewe kabla ya kurudishwa.

Tangi likijaa maji, boya hupanda na kufunga njia ya hewa: sauti hupanda, ufyonzaji hukoma, na watu huendelea kusukuma mdomo wa mpira wakidhani nguvu imepungua. Zima papo hapo, umwage maji. Povu la sabuni ya makapeti ni hatari zaidi, maana ni jepesi mno, haliwezi kuinua boya, na linaweza kupita hadi kwenye feni na mota. Weka dawa ya kuua povu ndani ya tangi kabla ya kuanza.

Dhana: ekstensheni yoyote inafaa

Mashine ya wati 1400 kwenye volti 230 huvuta takriban ampea 6. Waya mwembamba uliozungushwa kwenye gurudumu lake hauwezi kutoa joto la mkondo huo kwa muda mrefu, kwa hiyo ufunguliwe wote. Ikiwa plagi ndiyo yenye moto, mara nyingi tatizo ni soketi iliyolegea. Na mashine iliyoletwa kutoka Marekani kwa volti 120, ikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa Kenya au Tanzania, itaungua kwa muda mfupi hata kama machujio yake ni mapya.

Dhana: cheche ndani ya mota ni mwisho wake

Cheche ndogo za bluu penye kaboni, vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, ni za kawaida. Cheche kubwa zinazozunguka, pamoja na harufu ya kuungua, huonyesha mara nyingi kwamba kaboni zimekwisha au zimekwama, nazo hubadilishwa mbili kwa pamoja kwa gharama ndogo kuliko kusuka mota.

Mashine ambayo njia zake zote ni safi na bado inakata baada ya dakika chache, hiyo ndiyo ya kupeleka kwa fundi. Kabla ya hapo, toa mpira, uiwashe kwa sekunde chache na usikilize: mkwaruzo unaoendelea hata bila mpira huashiria beringi, hasa kwa mashine iliyowahi kuingiwa na maji. Mwombe fundi apime beringi na kaboni mbele yako kabla hajazungumzia koili.