Kwa nini naigiza kwenye filamu zangu mwenyewe

Watu wakiona jina langu kwa mwongozaji halafu likarudi tena kwa mhusika mkuu wanadhani napenda kuonekana, kumbe ni hela na muda. Kibali cha Bodi ya Filamu unacho, maana sheria ya 1976 inataka ukate kabla hujashuti, skripti ipo, unashuti wikiendi mbili hela inakata, unarudi kupiga video za harusi, ukipata unaendelea, na hapo katikati msanii uliyemtegemea kashahamia Dar au kanyoa nywele. Mimi nipo muda wote. Na wala sio jambo geni kwetu, marehemu Kanumba naye aliigiza na kuongoza.

Ila Dodoma ina mambo yake. Mvua zetu ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi. Kuna sini nilianza Oktoba kule Chamwino, mbuyu mtupu, vumbi mpaka kwenye kope, nikarudi Februari kumalizia upande wa pili wa mazungumzo nakuta mbuyu umejaa majani na mtama umenifika kiunoni. Mtu anauliza swali kiangazi anajibiwa masika! Nikarudia yote, iliniuma sana. Siku hizi sini ya nje naimaliza siku hiyohiyo.

Shida kubwa zaidi ni macho, ukiwa mbele ya kamera huoni kitu. Nachofanya, mdogo wangu tunalingana urefu, anasimama nafasi yangu, mpiga picha anaweka fokasi, tunabandika selotepu chini pale miguu inapotua, naangalia fremu nzima ndo naingia. Tukishashuti, video naiangalia ya teki ya kwanza tu, yaani mara ya kwanza tuliyorekodi hiyo sini, nikijiona kila mara naanza kuigiza uso badala ya kumsikiliza mwenzangu. Zinazobaki namwachia dada anayeshika skripti, na ana ruhusa ya kusema "kata" hata kama mimi nalia. Hedifoni anavaa yeye pia, upepo wa Julai huku ukipiga mayki isiyovalishwa manyoya ya kuzuia upepo hakuna edita wa kukuokoa.

Halafu mwenzako anaona jicho lako. Ukiigiza naye huku moyoni unampima kasema vizuri au la, anajua, anapooza. Mama mmoja mkulima wa zabibu, hajawahi kuigiza maishani, aliniuliza katikati ya teki, "Mwanangu, mbona unaniangalia kama msimamizi wa mtihani?" Tukazima kamera, tukakaa chini tukala karanga, na sini tukaanza kuiongea upya hapohapo mkekani.