Wavu wa Mbu kwenye Gari la Kulala: Kazi Iko Ukingoni

Mbu hapiti kwenye tundu la wavu. Hupita kwenye kona, pale velkro ilipobanduka kidogo, au kwenye upenyo wa vioo ambao mwenye gari hajui kama upo. Nashona viti na mapazia ya magari hapa Unguja, na siku hizi wananijia watu waliong'oa viti vya nyuma vya HiAce au Noah wakatia godoro: madereva wa watalii, wavuvi wa mwisho wa wiki, vijana wanaotaka kuamkia pwani bila kulipia hoteli. Swali lao la kwanza ni lile lile, nitie wavu gani? Hilo ndilo jambo jepesi, tulimalize.

Nunua wa faibaglasi, ule wa madirisha ya nyumba unaouzwa kwa mita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Wa kawaida una matundu 18 kwa 16 katika kila inchi, yaani tundu lake ni milimita moja na ushei, na mbu hapenyi. Chukua mweusi. Mweupe unarudisha mwanga machoni. Mchana ukikaa ndani huioni bahari, unauona wavu. Waya wa mabati uache huko huko dukani, kwa hewa yetu ya chumvi utashika kutu na kudondosha madoa kwenye godoro. Na chandarua cha dawa ulichopewa kituo cha afya usikikate. Uzi wake ni mwembamba, velkro itauchana, na isitoshe pahala pake ni kitandani nyumbani kwako.

Anayelala karibu na mikoko, tuseme upande wa Chwaka au kwenye ghuba za Pemba, ana adui wa pili: usubi. Mdudu huyu ana urefu wa milimita 1 hadi 3 na kwenye wavu wa kawaida anajipitia tu. Kwake unahitaji matundu 20 kwa 20 au madogo zaidi. Lakini ujue unalipia nini. Hata kwenye wavu wa kawaida nyuzi zimeshakula karibu theluthi ya dirisha. Kila unapopunguza tundu unapunguza na upepo, na gari la bati lisilo na upepo mwezi wa Februari halilaliki. Mteja akitaka wavu wa usubi namuuliza kwanza anakwenda kulala wapi.

Kwa sababu hiyo hiyo sipendi kutia wavu madirisha yote. Mawili yanatosha, yawe pande zinazotazamana: moja la kuingiza upepo, jingine la kuutoa. Dirisha moja peke yake, hata liwe kubwa vipi, upepo hauna pa kutokea, kwa hiyo hauingii. Kaskazi ikivuma, kati ya Disemba na Machi, na kusi ikishika zamu katikati ya mwaka, egesha gari ubavu wake uupokee upepo. Madirisha mengine yabaki yamefungwa vioo.

Sasa ukingo. Madirisha mengi ya HiAce ni ya kusukuma, vioo viwili vinapishana kwenye reli ya alumini. Likiwa limefungwa, raba iliyopo vioo vinapokutana inaziba vizuri. Lisukume nusu, halafu uchungulie. Raba imehama pamoja na kioo, na kati ya kioo cha ndani na cha nje pamebaki upenyo wima kutoka juu mpaka chini. Ukiziba ile nusu iliyo wazi tu, umempunguzia mbu kazi ya kutafuta mlango. Wavu ufunike dirisha zima kwa ndani, vioo vyote viwili, na ushikie kwenye ukuta unaoizunguka fremu ya alumini.

Hapo linazuka la pili: mvua ya usiku. Kioo kiko nyuma ya wavu, mkono haufiki. Mimi natia zipu ya plastiki ya sentimita 20, imesimama usawa wa kitasa cha kioo. Wengine huacha kona moja ya chini iwe ya kubandua. Siipendi njia hiyo. Kona iliyozoea kubanduliwa hairudi sawasawa, na saa nane za usiku hakuna anayeirudisha kwa makini.

Usipime dirisha kwa tepu. Kona zake zimepinda na tepu haisemi kitu kuhusu kupinda. Chukua karatasi ya mfuko wa saruji, ibane kwenye dirisha, pitisha chaki kwenye ukingo, kata, uijaribu tena. Hiyo ndiyo pateni. Ijaribu na upande wa pili wa gari, maana pande mbili hazilingani kila mara, khasa kwa gari lililowahi kunyooshwa bodi baada ya ajali ambayo muuzaji hakuitaja. Ongeza sentimita 3 kuzunguka, kisha kata wavu kwa kufuata uzi. Ukikatwa mshazari utavutika na kulegea katikati.

Pindo usilifanye kwa wavu wenyewe. Kata utepe wa turubai jepesi, upana sentimita 8, ukunje kati, uufumbatishe ukingo wa wavu, shona mistari miwili. Uzi uwe wa poliesta, wa pamba unaoza. Sindano namba 14, mshono wa hatua ndefu, milimita 4 hivi. Chini ya wavu tandika ukanda wa gazeti ili meno ya cherehani yasiung'ate. Ukimaliza unalichana gazeti linatoka. Kwenye kona ndipo fundi anapojulikana. Utepe uliokunjwa juu ya utepe unafanya donge, donge linainua velkro, na pale palipoinuka ndio mlango wenyewe. Kata ncha za utepe kwa digrii 45, zikutanishe, kona ilale bapa.

Kuushikiza wavu kwenye gari, wengi wanataka sumaku kwa sababu wameziona kwenye video za simu. Zijaribu kwanza kwenye gari lako. Alumini haishiki sumaku, na kuta za ndani za magari mengi zimevikwa plastiki. Kwenye gari la mizigo lenye bati tupu ndani, sawa, zipange kila sentimita 10, lakini zivike plastiki kabla ya kuzishonea, kwani zile ndogo zenye nguvu ganda lake likichubuka zinaliwa na kutu. Kwingine kote ni velkro. Upande laini unashonwa kwenye wavu, wa vijino unabandikwa kwenye gari. Ukifanya kinyume, siku unaukunja wavu vijino vitaung'ata wenyewe. Ni kweli, vijino hivyo vitanasa baibui la atakayepanda mchana. Vifunike kwa kipande cha velkro laini. Gundi yake haielewani na mafuta wala joto. Futa plastiki kwa spiriti, bandika asubuhi kabla gari halijashika jua, kandamiza, na usitundike wavu mpaka kesho yake.

Milango ya mbele naivika soksi, yaani mfuko wa wavu unaoingizwa kutoka juu ya mlango mpaka chini ya kioo, na lastiki kwenye pindo. Kioo kinapanda na kushuka humo ndani bila tatizo. Angalia tu mishono isikae kwenye raba ya mlango. Wavu mtupu ukibanwa na raba hauna neno, lakini mshono mnene unaiinua, na mvua ikinyesha kitambaa kinafyonza maji na kuyaleta kitini. Ivue kabla ya kuendesha, ili vioo vya pembeni uvione vizuri.

Mlango wa nyuma, ule unaofunguka kwa juu, unataka pazia la vipande viwili vinavyopandana sentimita 30 katikati. Uzito wa chini tumia chubwi za wavuvi, zishonee ndani ya pindo, kila moja kwenye kijifuko chake ili zisijikusanye kona moja. Mnyororo mwembamba nao unafaa, ila wa chuma utashika kutu.

Wavu mzuri hauondoi haja ya kuchagua pa kuegesha. Mbu wa usiku anayepiga kelele sikioni huzaliana kwenye makaro na vyoo vya shimo. Ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya 1980 kule Makunduchi, kusini mwa Unguja, vyoo vilimwagiwa punje za plastiki nyeupe zinazoelea, viluwiluwi vikakosa pumzi, pamoja na watu kupewa dawa ya matende, ugonjwa anaoueneza mbu huyo. Yule mwenye madoa meupe miguuni, wa homa ya dengue, anauma mchana na anatosheka na maji yaliyotuama kwenye kifuu. Kwa hiyo usiegeshe karibu na karo wala rundo la vifuu, na alasiri funga wavu kabla hujafungua kioo.

Kuupima wavu uliokwisha fungwa, ngoja giza. Washa taa kali ndani, toka nje, zunguka gari polepole huku umeinamisha kichwa usawa wa ukingo. Mwanga utachujika kwenye wavu wote, lakini pale unapochomoza kama mstari mkali pana upenyo. Weka alama kwa chaki, urekebishe asubuhi. Mara nyingi ni kona ya juu, upande wa mlango wa kusukuma.

Ukirudi kutoka pwani, nyavu zioshe kwa maji baridi na sabuni kidogo, maana chumvi iliyokauka inavuta unyevu na pindo linaota ukungu. Zianike kivulini, zikikauka ziviringishe kwenye bomba la plastiki. Faibaglasi ikikunjwa pale pale kila mara inakatika kwenye mkunjo.