Kusoma nyaraka za programu-jalizi za Ansible kwa amri ya ansible-doc

Kila unaposakinisha Ansible, zana ya kusimamia seva nyingi kiotomatiki, unapata pia amri iitwayo `ansible-doc`, ambayo kazi yake ni kuonyesha kwenye terminali nyaraka za programu-jalizi (plugins) zilizomo kwenye kompyuta yako. Mimi huwahimiza wenzangu waizoee kabla ya kufungua kivinjari. Kwenye seva zisizoruhusiwa kufikia intaneti amri hii ni msaada mkubwa, lakini hata pale ambapo intaneti ipo naipendelea kwa sababu moja: maelezo inayoyaonyesha kwa kawaida yameandikwa ndani ya faili ileile ya Python itakayotekelezwa, katika sehemu tatu zinazoitwa `DOCUMENTATION`, `EXAMPLES` na `RETURN`. Unachokisoma ni maelezo ya toleo ulilo nalo.

Jambo hili lilipata uzito zaidi kuanzia toleo la 2.10 la mwaka 2020, moduli nyingi, yaani programu-jalizi zinazotekeleza kazi moja moja kwenye seva, zilipohamishiwa kwenye mikusanyiko (collections) inayotolewa kwa ratiba zake yenyewe. Ukurasa wa wavuti unaoeleza toleo jipya la `community.general`, mmojawapo wa mikusanyiko hiyo, unaweza kutaja chaguo ambalo mkusanyiko uliosakinishwa kwako haulijui kabisa, na mtu akapoteza muda mrefu akitafuta kosa kwenye faili yake ya YAML (muundo wa maandishi ambao maagizo ya Ansible huandikwa) ilhali faili haina kosa. `ansible-doc` haitakuonyesha chaguo hilo. Na kwa chaguo lililoongezwa baadaye, mara nyingi amri hii inataja ni tangu toleo gani.

Tuchukue moduli ya kunakili faili, ambayo karibu kila mtu huitumia:

`ansible-doc ansible.builtin.copy`

Kila chaguo limetanguliwa na alama. Lenye `=` ni la lazima, na hapa ni `dest` (mahali faili itakapowekwa) peke yake; mengine yana `-`, pamoja na aina ya thamani inayokubalika na thamani ya msingi iwapo ipo. Ningemwomba msomaji asome kwa utulivu maelezo ya `mode`, kwa kuwa ndiyo yanayoepusha madhara halisi. Yanasisitiza kwamba ruhusa za faili ziandikwe ndani ya alama za nukuu, kama `'0644'`, au zianze na sifuri. Ukiandika 644 bila nukuu wala sifuri, YAML huisoma kama namba ya kawaida ya msingi wa kumi, ambayo katika msingi wa nane ni 1204: mmiliki anabaki na ruhusa ya kuandika bila ya kusoma, kundi halipati chochote, na watu wengine wote wanaruhusiwa kusoma. Kazi itakamilika bila onyo lolote.

Chini kabisa kuna mifano, kisha thamani ambazo moduli hurudisha, sehemu ambayo wengi hawafiki. Hapo ndipo utakapojua kwamba `backup_file` hurudishwa pale tu faili ilipobadilika na wewe ukawa umeomba nakala ya akiba, kwa hiyo hatua inayofuata isiitegemee bila kwanza kuhakikisha kwamba ipo.

Usipolijua jina la moduli, `ansible-doc -l` huorodhesha zote kwa maelezo ya mstari mmoja mmoja, na unaweza kuichuja orodha kwa `grep`, amri ya kutafuta maneno, au kwa kutaja mkusanyiko. Swichi ya `-s` hutoa kiolezo kifupi cha kubandika kwenye faili yako.

Swichi ninayoiona kuwa na manufaa makubwa kuliko zote ni `-t`. Bila hiyo, amri huchukulia kwamba unatafuta moduli, ilhali Ansible ina aina nyingi nyingine za programu-jalizi: za kuunganisha, za orodha ya seva, za kupandisha mamlaka, za kuchuja data. Jaribu:

`ansible-doc -t connection ansible.builtin.ssh`

Kwa kila chaguo utaona mahali pote panapoweza kuliwekea thamani. Kwa `pipelining`, kwa mfano, utakuta jina linalotumika kwenye `ansible.cfg` (faili ya mipangilio ya Ansible), kigeu cha mazingira `ANSIBLE_PIPELINING`, na kigeu `ansible_pipelining` unachoweza kumpa seva mmoja tu bila kugusa wengine. Mtu anayejiuliza kwa nini mpangilio aliouandika haufuatwi apaangalie hapa kwanza, kwa sababu mara nyingi kuna mahali pengine penye nguvu zaidi palipowekwa thamani tofauti. Vilevile `-t keyword` hueleza maneno kama `delegate_to` na sehemu yanakoruhusiwa.

Kwa wanaoandika moduli zao wenyewe, amri hii ni kipimo kizuri. Ukiwa umeiweka moduli kwenye saraka ya `library`, endesha `ansible-doc -M library` ukifuatisha jina lake. Nyaraka zikiwa na kasoro ya YAML, amri itashindwa kuzisoma, na ni afadhali ulijue hilo kabla hujamkabidhi mwenzako moduli hiyo. Majukumu (roles), yaani mafungu ya kazi yanayoweza kutumiwa tena, nayo yanaweza kusomwa kwa `-t role`, mradi mwandishi wake ameweka maelezo ya vigeu, kwa mfano kwenye faili ya `meta/argument_specs.yml`; yasipokuwepo, anayelipokea jukumu hilo atalazimika kulisoma faili kwa faili ili ajue linahitaji vigeu gani.