Wasia wa mgonjwa: nani alikuwepo chumbani?

Karatasi moja, wino wa buluu, dole gumba limetiwa kwa kupinda pembeni, mashahidi wawili, na tarehe ya siku tatu kabla ya mauti. Maneno yake yamekamilika: "Mimi, nikiwa na akili zangu timamu..." Kisha mtoto wa pili anauliza: mama wiki hiyo alikuwa hata mimi mwanawe hanitambui, huo wasia kausema saa ngapi?

Hayo maneno "akili timamu" peke yake hayathibitishi kitu. Mara nyingi huandikwa na mtu mwengine, kwa mazoea, kabla hata mgonjwa hajafungua mdomo. Kinachotafutwa ni hali ya mwenye mali saa ile alipousia: alikuwa akijua anachokifanya, na alikifanya kwa khiari yake?

Kwa sisi Waislamu wasia una mipaka yake tangu asili. Hautoki nje ya thuluthi ya kinachobaki baada ya gharama za maziko na madeni, na mrithi hausiwi ila warithi wenzake waridhie baada ya mwenye mali kufa. Wengi wanalijua hilo, ndiyo maana anayetaka kuchukua zaidi haupitii mlango wa wasia. Anakuja na hiba, yaani mali anayosema kapewa bure na mwenyewe akiwa hai: "Mzee kanipa mikarafuu yote ya Wete, na nimeshakabidhiwa." Au anakuja na hati ya mauziano yenye bei ya kutupa. Hiba iliyotolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wasia, kwa hivyo inarudi kwenye thuluthi na kwenye ridhaa ya warithi. Bei ya kutupa nayo, kile kilichopunguzwa huangaliwa kwa jicho hilo hilo.

Shinikizo ni gumu zaidi kuliona, kwa sababu halina kelele. Chukua mfano wa bibi anayelala chumba cha nyuma, naye anamtegemea mpwa wake kwa dawa, uji na maji ya kuoga. Simu yake anaishika mpwa. Wanaokuja kumjulia hali wanaambiwa amelala. Mwandishi wa hati kaletwa na mpwa, mashahidi ni rafiki zake, na yeye mwenyewe kakaa kichwani pa kitanda. "Bibi, tia dole tumalize, nikupeleke kwa daktari." Hakuna aliyempiga wala kumtukana, lakini kwenye sentensi hiyo khiari ya bibi imeshaondoka. Kumuomba mzee si kosa, hata kwa machozi, wala kumkumbusha nani aliyemuuguza. Kosa ni kumfikisha mahali ambapo kukataa hakuwezi.

Nataka niseme na upande wa pili, maana nao una dhulma yake. Wapo watoto ambao miaka hawakutia mguu nyumbani, na siku ya hitma ndio wa kwanza kusema mzee alikuwa keshapoteza akili. Kusahau majina hakumuondolei mtu haki juu ya mali yake. Mahkama ya Uingereza ililipima jambo hili mwaka 1870, katika kesi ya John Banks, mtu aliyeamini kwamba anaandamwa na mashetani pamoja na mtu aliyekwishakufa. Wasia wake ulikubaliwa, kwa kuwa alijua maana ya kuusia, akaijua mali yake, akawajua wenye haki ya kufikiriwa, na yale aliyoyaamini hayakugusa mgao wake. Kipimo hicho kinafuatwa mpaka leo katika nchi nyingi zilizorithi sheria za Kiingereza.

Tena akili ya mgonjwa hupanda na kushuka. Mzee mwenye maambukizi ya mkojo, au aliyepungukiwa na maji mwilini, anaweza kuweweseka usiku kucha, akatibiwa, na baada ya siku chache akazungumza nawe vizuri kabisa. Wasia wa usiku ule na wa baada ya kupona haulingani, ijapokuwa dole ni la mtu yule yule. Kwa hiyo andikeni saa, si tarehe tu. Akiwepo daktari anayemtibu, aandike alivyomkuta siku hiyo.

Mwenye afya asingoje kitanda. Aende kwa kadhi au kwa wakili mapema, au, kwa aliyeko Zanzibar, apate maelezo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, taasisi inayosimamia mambo haya. Aende bila ya yule anayetaka kumuusia.

Na wewe uliyeitwa kuwa shahidi, una haki ya kukataa. Kabla hujatia saini, muombe anayepewa mali atoke nje, mlango ufungwe, kisha muulize mgonjwa, naye ajibu kwa maneno yake mwenyewe: una mali gani, una watoto wangapi, hiki unampa nani na kwa nini? Mpe muda wa kujibu. Akiwa kila suala anauangalia mlango kwanza, usitie saini siku hiyo.