Jengo Lililoanguka Linapoweza Kujengwa Upya

Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, kasri la Forodhani, Zanzibar, lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa wakati likikarabatiwa, na watu wawili wakapoteza maisha. Wengi waliuliza kama litaweza kurudi. Sisi wa uhifadhi swali hilo hatulijibu kwa kuhesabu mawe ya kwenye kifusi, bali kwa kutazama ni habari gani za jengo zimesalia nje ya jengo lenyewe.

Picha za kasri hilo zipo nyingi tangu karne ya 19, lakini picha huonyesha uso tu; haisemi unene wa ukuta wala boriti imeingia ukutani kwa kina gani. Hayo hupatikana kwa kupima, na anayepima lazima awahi. Nyumba za kawaida za Mji Mkongwe zina unafuu wake, kwa kuwa upana wa vyumba vyake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, takriban mita tatu au pungufu. Hivyo matundu ya boriti yakionekana kwenye ukuta mmoja uliosimama, fundi mzoefu huweza kukisia kwa karibu ukuta wa pili ulikuwa wapi.

Kigumu zaidi ni ujuzi. Chokaa ya zamani ilitokana na mawe ya matumbawe yaliyochomwa tanurini kwa magogo, kisha ikazimwa kwa maji na kuachwa ikae muda mrefu kabla ya kutumika. Anayeziba ukuta wa namna hiyo kwa saruji huufungia unyevu ndani, chumvi ikajikusanya, na jiwe likaanza kumomonyoka. Umbo litakuwa limerudi, lakini ukuta ni mwingine. Makaburi ya Kasubi nchini Uganda, walikozikwa Makabaka (wafalme wa Buganda) wanne, yaliteketea Machi 2010, na yakaweza kujengwa tena kwa sababu ukoo wa Ngeye, wenye dhamana ya kuezeka, ulikuwa bado na watu wanaoijua kazi hiyo. Mwaka 2023 UNESCO iliyaondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Lipo pia suala la kurudisha jengo la mwaka gani. Mnara ulioanguka 2020 haukuwa wa Barghash: wa kwanza ulisimama mbele ya kasri na uliharibiwa kwa mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, ndipo mwingine ukajengwa kwenye uso wa kasri. Kwa maoni yangu, uamuzi wa namna hiyo uwekwe wazi kwa wananchi kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

Mwenye nyumba ya kale anayetaka kuibomoa plasta, kwanza apime kila chumba, apige picha zenye rula ndani yake, na ahifadhi kipande cha chokaa ya zamani, maana kipande hicho kikipimwa maabara hueleza uwiano wa chokaa na mchanga.