Mwenye nguvu na mwenye haki: dhana potofu kuhusu mamlaka ya kutawala

Katika mabaraza ya Newala, Masasi na Lindi mjini, mazungumzo kuhusu serikali mara nyingi hukatishwa kwa methali moja: mwenye nguvu mpishe. Methali hiyo ni busara ya kujinusuru, lakini wengi wetu tumeigeuza kuwa maelezo ya haki, na kosa linaanzia hapo.

Dhana potofu: Anayeweza kutawala ana haki ya kutawala.

Ukweli: Kumpisha mtu ni jambo moja, kumkubali ni jingine. Mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau, katika kitabu chake cha mwaka 1762 kuhusu mkataba wa kijamii, alieleza kwamba kusalimu amri mbele ya nguvu ni tendo la kulazimika, si la hiari, na kwamba ikiwa nguvu ndiyo inayozaa haki, basi haki hiyo hutoweka siku nguvu inapohamia kwa mwingine. Mnyang'anyi mwenye bastola msituni anaweza kukupokonya fedha, lakini hakuna anayeweza kusema kwamba ulikuwa na wajibu wa kumpa endapo ungepata nafasi ya kuzificha.

Huku kwetu kusini tofauti hiyo ilikwisha kuandikwa, tena kwa Kiswahili. Mwaka 1890 Machemba, mtawala wa Wayao katika uwanda wa Makonde, alimjibu Hermann von Wissmann, kamanda wa Wajerumani, kwamba amesikia maneno yake lakini haoni sababu ya kumtii. Kama ni urafiki, yuko tayari wakati wote, ila kuwa mtu wa chini yake hawezi. Mwaka 1899 alizidiwa, akavuka Mto Ruvuma kuingia Msumbiji. Silaha ziliwapa Wajerumani uwanda, lakini hazikutoa ile sababu aliyoikosa Machemba. Mimi naihesabu barua hiyo kuwa andiko la falsafa ya siasa, na naamini inastahili kusomwa darasani pamoja na Rousseau.

Dhana potofu: Mwanafalsafa Mwingereza Hobbes alitetea wafalme kwa kuwa waliwekwa na Mungu.

Ukweli: Aliyesimamia hoja ya namna hiyo ni mwandishi Mwingereza Robert Filmer, aliyeutoa ufalme katika ubaba wa Adamu. Thomas Hobbes, katika kitabu chake Leviathan cha mwaka 1651, alimpa mtawala madaraka makubwa sana, lakini aliyajenga juu ya makubaliano ya watu wanaotaka usalama, na akasema wazi kwamba wajibu wa kumtii hudumu kwa muda ule tu anaoweza kuwalinda.

Dhana potofu: Aliyenyamaza amekubali.

Ukweli: Mwanafalsafa Mwingereza John Locke alifikiri kwamba hata anayepita tu barabarani katika nchi ameridhia sheria zake kimyakimya. Mwanafalsafa wa Uskoti, David Hume, alimpinga mwaka 1748 kwa mfano ambao mtu wa pwani ya Mikindani au Kilwa anauelewa mara moja: mtu aliyepakiwa chomboni akiwa usingizini, na ambaye akitoka ataangukia baharini na kufa, hawezi kuhesabiwa kuwa amemkubali nahodha kwa sababu tu amebaki chomboni. Naona Hume alikuwa sahihi.

Dhana potofu: Ukishapiga kura, umemaliza, aliyechaguliwa ndiye mwenye mamlaka.

Ukweli: Locke huyohuyo aliyaita madaraka ya serikali amana, ambayo wananchi wanaweza kuichukua tena ikisalitiwa. Ibara ya 8 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977 inatamka kwamba wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji, wenye wakazi wote waliofikisha miaka 18, ndio mamlaka ya juu katika sera za kijiji. Kwa hiyo mkulima wa korosho wa Tandahimba anayesimama mkutanoni kudai taarifa ya mapato na matumizi hamvunjii mwenyekiti heshima; amesimama katika kikao ambacho mwenyekiti huyo yuko chini yake.