Grimgar haijivuti, inahesabu muda

Lalamiko ninalolisikia kila mara kuhusu Grimgar, anime (katuni ya Kijapani) ya mwaka 2016, ni kwamba inajivuta. Haina haraka, hilo ni kweli. Lakini kazi yangu ni kuhariri video, kutwa naamua shoti ikae muda gani kabla ya kukatwa, na nasema bila kusita kwamba anime chache za ulimwengu mwingine zinautumia muda kwa akili kama hii. (Nitataja kifo cha mhusika mmoja. Kama hujaitazama na hutaki kujua, ishia hapa.)

Ni kazi ya studio ya A-1 Pictures, vipindi 12 vilivyooneshwa Japani kuanzia Januari hadi Machi 2016, mwongozaji akiwa Ryosuke Nakamura, kutokana na riwaya za Ao Jumonji. Vijana wanazinduka katika ulimwengu wasioujua, wakiwa hawakumbuki chochote ila majina yao. Wenye nguvu wanachaguana haraka, wanabaki sita ambao hakuna aliyewataka. Katika isekai (hadithi za watu wanaojikuta ulimwengu mwingine) tulizozizoea, mtu akitua tu tayari ana uwezo wa ajabu. Hawa wanaandikishwa kuwa askari wanafunzi, wanapewa sarafu 10 za fedha na kuambiwa wakajitafutie. Mafunzo ya fani, uwe mwizi, mwindaji au kasisi (ndiye mponyaji), yanalipiwa, na beji ya askari kamili ni sarafu 20. Ndiyo maana utawakuta wakipiga hesabu za chakula na kujadili kwa dhati kabisa suala la nguo za ndani za kubadilisha.

Pambano wanalomuua goblini (kiumbe mdogo mkali wa hadithini) kwa mara ya kwanza ndilo ninalowaonesha wanaojifunza uhariri. Wako sita dhidi ya goblini mmoja, na bado wanahangaika naye. Mikono inatetemeka, upanga unakosa, na goblini anapiga kelele na kupigana kama yeyote anayetaka kuiona kesho. Mhariri mwingine angekata mara tu pigo la kwanza lilipoingia. Hapa shoti zinaendelea mpaka tendo lenyewe linakukera. Kumuua kiumbe mwenye mwili na woga kunachukua muda, na ukiupunguza muda huo umemdanganya mtazamaji. Wakishinda, furaha waliyoitarajia haiji.

Kati ya mapambano, mara nyingine wimbo unapigwa karibu mzima bila mazungumzo, juu ya shughuli za kawaida: watu wanafua, wanapika, Moguzo, mmoja wa hao sita, anachonga kipande cha mti. Mandhari yamepakwa kwa mtindo wa rangi za maji, kingo zikififia pembeni. Jicho linapata nafasi ya kutembea humo ndani, na pole pole unaanza kuwajua hawa sita kwa namna wanavyokaa pamoja, siyo kwa maelezo ya mtu.

Halafu kinakuja kipindi cha nne. Manato, kasisi na kiongozi wao, anawaambia kwamba wamekuwa kikosi kizuri. Muda mfupi baadaye goblini wanawashambulia, anajeruhiwa, anakufa. Katika ulimwengu huo maiti isipochomwa itainuka na kutembea, kwa hiyo hata nafasi ya kukataa kuamini hawana, inabidi wamchome. Vipindi vinavyofuata havikimbilii kisasi. Wavulana wanamleta kasisi mpya, Merry, bila kuwauliza Yume na Shihoru, wasichana wawili wa kikosi, na kinyongo kinaingia kikosini na kukaa. Wanapopata fedha za beji, wanamnunulia na Manato yake, wanaipeleka kaburini. Kama tusingewaona wakijinyima hata nguo za ndani, tusingejua sarafu 20 zina uzito gani.

Merry mwenyewe ni mkali na hataki kutibu majeraha madogo. Unamchukia, tena kwa vipindi kadhaa, ndipo unapoelezwa kwamba katika kikosi chake cha awali alikuwa akitibu kila mkwaruzo, hadi siku ya hatari nguvu zake za uponyaji zikamwishia na wenzake watatu wakafa. Maelezo hayo yangewekwa siku anayoingia yangekuwa taarifa tu. Yakicheleweshwa, yanakulazimu urudie kila ulichokiona kwake na kukisoma upya.

Si kila dakika inajitetea. Maneno ya Ranta, mmoja wa wavulana wa kikosi, kuhusu miili ya wasichana yanarudiwa mno, na kamera yenyewe wakati mwingine inamsaidia. Hapo ningekata bila huruma.

Ukiamua kuitazama, usiongeze kasi ya video, na usiihukumu kabla ya kipindi cha tano. Ujue pia kwamba vipindi hivi 12 vimetoka katika juzuu mbili za mwanzo tu za riwaya na hakuna msimu wa pili. Swali la walikotoka na kwa nini hawakumbuki halijibiwi, kwa hiyo atakayelitaka jibu hilo inabidi azifuate riwaya, ambazo zinaendelea mbele sana na zina giza zaidi ya haya.